Mtoa Damu wa Alhamisi

Salomon alizungusha kijiko ndani ya sufuria mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila adabu. Mapaja yalikuwemo, shingo ilikuwemo, hata ile miguu ambayo binti yake Princesse hupenda kuinyonya ilikuwemo. Firigisi haikuwemo. Na kuku alikuwa amemnunua yeye mwenyewe, baada ya kutengeneza mota ya mtumbwi wa mtu mgumu kulipa. Katika nyumba za mtaa wa Kataki, hapa Kalemie, kama katika nyumba zote za ukingo huu wa ziwa, firigisi haina mjadala, ni ya baba. Mke akiisahau, watu huanza kujiuliza moyo wake umehamia wapi.

"Mama Princesse," alisema polepole, "huyu kuku alizaliwa bila firigisi?"

Adrienne alikuwa anapakua bukari, ugali wa huku. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Ilikwenda na maini asubuhi. Nilipikia Steve."

"Steve njo nani?"

"Ule anatutolea damu ku labo, kila Alhamisi. Nilikwambia. Mama Dokta alisema ale maini, ju damu irudi mbio. Nilikaranga haraka haraka, sikuangalia, firigisi ikaenda pamoja."

Alisema ukweli mtupu. Lakini ukweli mtupu una ubaya wake, hufanana sana na uongo uliopangwa vizuri. Salomon aliweka kijiko chini. Alikula bukari na mchuzi, nyama hakuigusa, na kila aliyekuwa mezani alijua kwamba hakuigusa.

Hapa inafaa tuseme kazi ya Adrienne, kwa sababu mtaa ulikuwa umeshaisema vibaya. Mtaa ulisema ile maabara ya hospitali inashughulika na ADN, ile inayoitwa pia DNA, kwa hiyo inajua mtoto yupi ni wa nani, na wanaume wawili watatu waliacha kumsalimia. Haikuwa hivyo. Katika damu ya kila mtu mna chembe nyeupe, walinzi wa mwili. Zikichokozwa na vijidudu, baadhi yao hufanya jambo la ajabu: hupasuka na kuutupa nje ADN wao wenyewe, ule uzi mrefu wa urithi uliokunjwa ndani ya chembe, ukavitega vijidudu visiende mbali. Chembe yenyewe hufa kwa kufanya hivyo. Na nyuzi zikizidi, huuumiza mwili uleule uliokuwa unalindwa. Mradi wa utafiti wa maabara hiyo ulitaka kujua kama ndivyo inavyokuwa kwa watoto wanaozidiwa na malaria.

Ili kupima, Adrienne alihitaji kwanza chembe zilizotulia, za mtu mzima wa afya. Alizitia katika vishimo vidogo vya sahani ya plastiki pamoja na chakula chao, akaziweka kwenye kabati la joto. Nyingine aliziacha zilivyo, nyingine alizitilia dawa ya kuzichokoza, kisha akapima ni ADN kiasi gani uliotoka. Chembe hizi hazikai kwenye friji hata siku moja. Lazima mtu mwenyewe aje na mshipa wake. Na mtu wa namna hiyo si rahisi kumpata Kalemie. Huyu ana malaria asiyoijua, yule ana jino bovu, mwingine tumbo. Chembe zao hufika zimeshachokozeka. Walijaribu watu wengi kabla ya kumpata Steve, mwalimu wa gimnastiki aliyekulia Pepa, kule milimani, kwa maziwa na baridi.

"Za watu wengine zinafika tayari na hasira," Adrienne alieleza, kwa sababu alidhani maelezo yatasaidia. "Za Steve zinatulia kabisa. Zinangojea mpaka miye mwenyewe nizichokoze."

"Weye njo unazichokoza."

"Miye. Ni kazi yangu, baba."

Uso wake uling'aa kidogo aliposema kazi yangu. Salomon aliuona ule mng'ao, na akauhesabu kuwa ni wa mtu mwingine.

*

Salomon alitengeneza mota za mitumbwi kwenye kibanda karibu na mdomo wa mto Lukuga, yeye na rafiki yake Jovial. Jovial alikuwa mtu wa kucheka na kuchekesha, na kama watu wengi wa namna hiyo, hakuwa na habari maneno yake yanaangukia wapi. Alipoambiwa habari ya firigisi alicheka mpaka akaweka spana chini.

"Firigisi ni kitu kidogo," alisema alipopata pumzi. "Fikiria damu. Wazee wetu walikuwa wanafanya undugu namna gani? Wanachanjana, huyu analamba damu ya ule. Mara moja tu, na wanakuwa kitu kimoja mpaka kifo. Sasa bibi yako anashika damu ya ule kijana kila juma."

"Anavaa glavu."

"Glavu," Jovial alisema, akacheka tena.

Lilikuwa neno la mchezo. Jovial alilisahau kabla ya chakula cha mchana. Salomon alilibeba nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Alimtazama mkewe akifunga kitenge chake cha kazini, akaona amekifunga vizuri kuliko kawaida. Wivu ni mfanyakazi asiye na mapumziko. Usipompa kitu cha kufanya, hujitafutia mwenyewe. Baada ya siku chache alimrudia Jovial na kumuuliza, kana kwamba anauliza kwa niaba ya mtu mwingine, kama ni kweli kuna fundi mmoja wa dawa kutoka Nyunzu anayekaa nyuma ya soko.

Yule fundi hakuuliza mengi. Alimlaza Salomon kifudifudi, akamchanja kwa wembe kuzunguka kiuno, mistari midogo midogo, akasugua humo unga mweusi uliochanganywa na mafuta, uliowaka kama pilipili. Chale za pale zina maana moja, na kila mtu anaijua: ni za mwanaume anayetaka mke wake asione mwanaume mwingine.

"Bibi asizione," fundi alionya. "Asizishike mpaka zipone. Akiziona, nguvu yote inaenda kwa ule mwingine."

Tangu siku hiyo Salomon alianza kuoga huku amefunga mlango wa bafu kwa kamba. Alilala na shati. Adrienne akimgusa mgongoni, alijivuta mpaka ukutani.

Adrienne naye hakuwa jiwe. Mwanaume aliyeoga uani na taulo begani miaka yote, ghafla anafunga mlango? Alinusa shati lake kabla ya kulifua, akakuta harufu ya mafuta asiyoyajua. Akamkumbuka Clémence, mjane anayeuza petroli kwenye madumu pembeni ya kibanda cha mota, mwenye jino la dhahabu na kicheko kinachosikika mpaka ng'ambo. Alianza tu kuweka vifuniko vya sufuria kwa kishindo, na kumpakulia mumewe chakula bila kumtazama. Salomon alipoona hatazamwi, alijua Steve amefika mbali. Walilala kitanda kimoja, kila mmoja na wivu wake, wakigeuziana migongo kama watu waliogombania mpaka wa shamba.

*

Basi ikafika habari kwamba wageni wa mradi watakuja kutoka Lubumbashi. Dokta Hélène, mkuu wa maabara, mwanamke wa Moba asiyependa maneno mengi, alimwambia Adrienne wazi.

"Wanataka kuona kazi kwa macho yao. Kuna wale wanasema mashine ya kupimia ingekaa Lubumbashi, umeme wa huku unatusumbua. Tukifanya vizuri Alhamisi, mashine inabaki. Tukiharibu, inaenda. Na mashine ikienda, kazi yako inaenda nayo."

"Hatutaharibu, Mama Dokta. Steve anakuya."

Adrienne alirudia habari hiyo nyumbani akimwambia Princesse, kwa sauti ya kusikika chumbani, kwa sababu yeye na mumewe hawakuwa wanaongea sawasawa. Kilichobaki masikioni mwa Salomon ni maneno mawili ya mwisho.

Jumatano alikwenda shuleni anakofundisha Steve. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Njiani alikuwa amepanga hata mahali pa kupiga. Uwanjani alikuta kijana mwembamba mwenye filimbi shingoni, anawapanga watoto mistari. Steve alipomwona aliacha watoto, akaja akimpa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama anavyosalimiwa mkubwa.

"Papa Salomon, ni heshima kubwa. Mama Adrienne iko muzima? Watoto?"

Kumpiga mtu anayekuuliza habari za watoto wako ni kazi ngumu. Salomon alimeza hotuba yake yote, akatoa uongo mdogo uliokuwa karibu.

"Wamenituma. Kesho usikuye ku labo. Wamebadilisha siku, watakuita."

Steve alishusha pumzi.

"Merci, papa. Nikwambie ukweli, ile sindano naogopa sana. Kila Alhamisi nafumba macho mpaka Mama anasema imeisha. Na yale maini, miye maini siyapendi, nampatia mulinzi."

Mtu mwingine angecheka, akamkumbatia kijana, akarudi nyumbani kuomba radhi. Salomon aliona kwamba kijana anajua sana kujificha. Aliondoka akiwa na hakika kuliko alivyokuja.

*

Alhamisi wageni walikuwa wameketi tayari, mwanaume na mwanamke wenye makoti meupe mapya, wakati Adrienne alipotoka kwenye korido kumwangalia Steve kwa mara nyingine. Simu ya Steve ilikuwa imezimwa. Ndani ya darasa waalimu huzima. Kwenye benchi la watoa damu alikuwa amekaa Salomon, na shati la Jumapili, nywele zimechanwa.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekuya kutoa damu."

"Steve iko wapi?"

"Hakuyi. Miye niko. Damu ni damu."

Adrienne alielewa nusu yake palepale, na nusu hiyo ilitosha kumfanya atake kulia. Lakini nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na mgeni mwanaume aliuliza kama mtoa damu amefika. Dokta Hélène alimtazama Salomon, akamtazama Adrienne.

"Tuko na mwingine?"

"Hatuna," Adrienne alisema. "Ni mume wangu. Ni mutu wa afya."

Alimuuliza maswali kama anavyowauliza wote, mbele ya wageni. Umekunywa pombe? Hapana. Unavuta? Hapana. Homa? Hapana. Kidonda chochote, jino, jipu?

"Hapana," alisema Salomon, akamtazama machoni. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kutazamana hivyo.

Kwa desturi mtoa damu mpya huvua shati, akaangaliwa mwili wote. Adrienne hakumwambia avue. Mwanamke amwambie mumewe mwenyewe avue mbele ya wageni? Alifunga mpira mkononi, akatafuta mshipa. Salomon hakufumba macho. Alitazama damu yake ikijaa kwenye kichupa, akamtazama mkewe akiigeuzageuza taratibu kwa vidole vyake, na kwa muda ule mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kalemie.

Adrienne aliizungusha damu kwenye mashine, akatenga chembe, akazigawa katika vishimo. Mstari wa juu hakuutilia kitu. Mstari wa chini aliutilia dawa ya kuchokoza. Mikono yake ilikuwa imara. Hata mgeni mwanamke alisema hivyo kwa sauti. Waliziacha kwenye kabati la joto, wakanywa chai, wakarudi. Adrienne alitia rangi inayong'aa, ambayo haishiki ADN uliofungwa ndani ya chembe nzima, inashika ule uliotoka nje tu. Mstari wa chini ulitakiwa ung'ae. Mstari wa juu ulitakiwa uwe giza.

Yote miwili iling'aa.

Adrienne aliinamia hadubini. Kwenye kishimo ambacho hakukitilia kitu chochote, nyuzi zilikuwa zimetandazwa kila mahali, ndefu, zimeshikana, na kati yake chembe zilizokwisha kufa. Hapakuwa na adui wa kutegwa mle ndani. Zilikuwa zimetupa kila kitu bila kuchokozwa na mtu.

"Mama," alisema mgeni mwanaume kwa upole unaoumiza kuliko matusi, "inaweza kuwa ulisahau, ukatia dawa kwenye mistari yote miwili?"

"Sikusahau."

"Inatokea. Umesimama tangu asubuhi."

"Sikusahau, Papa. Ni damu."

"Lakini mtoa damu ni mzima. Ulisema mwenyewe."

Adrienne aliweka kalamu chini, akatoka. Salomon alikuwa bado kwenye benchi, anakula mkate wa watoa damu, ameridhika. Alimshika mkono, akamwingiza kwenye chumba cha kuhifadhia vichupa, akamsukuma kidogo kiunoni apite. Salomon aliguna na kuruka kama aliyeguswa na moto.

"Vua."

"Mama Princesse, huwezi…"

"Vua shati, Salomon."

Hakuwa amemwita kwa jina kavu tangu wachumbiane. Alivua. Chale zilizunguka kiuno chote, nyekundu, zimevimba, nyingine zinatoa usaha, na ile harufu ya mafuta aliyokuwa ameitafuta kwenye mashati ikamjia puani. Adrienne alizitazama kwa muda. Kwanza alifurahi, ndiyo, tuseme kama ilivyokuwa, moyo wake uliruka kwa furaha kwamba hakuna Clémence. Kisha hasira ikaja, ikaikuta furaha ikiwa bado imesimama mlangoni.

Dokta Hélène alikuwa amewafuata. Aliangalia kiuno cha Salomon, na kwa kuwa hata kwao Moba chale hizo zinajulikana, hakuhitaji kuelezwa.

"Usaha wa namna hii," alisema, "chembe zake zimepigana siku nyingi. Zimekuya hapa zimeshawaka." Kisha akamgeukia Adrienne, sauti yake ikashuka. "Nitawaambia wageni haukukosea kwenye vishimo. Lakini wataniuliza ju ya nini hatukumuangalia mwili."

Waliuliza hivyohivyo. Adrienne alisimama mbele yao, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Hukumkagua?" aliuliza mgeni mwanamke.

"Ni mume wangu," alisema Adrienne. "Nilimuamini."

Mgeni mwanaume alikohoa ili asicheke. Nje, kupitia mlango uliokuwa nusu wazi, Salomon alisikia lile neno, nilimuamini, na kikohozi kile, akauweka mkate chini.

*

Siku iliyofuata, mchana, watoto wakiwa shuleni, Salomon alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, na Adrienne anamwosha chale kwa maji ya chumvi. Mumewe alikuwa amekwisha meza vidonge vya kwanza alivyoandikiwa. Alikuwa amesema yote: Jovial, fundi wa nyuma ya soko, uongo wa uwanjani. Alisema akiwa ameelekeza uso kwenye mkeka, ikawa rahisi kidogo.

"Nisamehe. Miye njo niliharibu. Huyo kijana hata maini hapendi."

"Hapendi?"

"Anampatia mulinzi."

Adrienne alicheka bila kutaka. Kitambaa kilimponyoka mkononi.

"Na miye nilijua uko na Clémence wa petroli," alisema.

"Clémence?" Salomon aligeuza kichwa. "Clémence ananipatia kelele tu. Ule mwanamuke anacheka, mpaka mota inazimika."

Wakacheka wote wawili. Kilikuwa kicheko chao cha zamani, kile cha kabla ya mambo haya, na Adrienne aliona jinsi alivyokuwa na njaa nacho. Aliendelea kuosha, sasa taratibu zaidi. Alipuliza pale palipokuwa panauma.

"Mashine inaondoka," alisema. "Mama Dokta amenipa habari leo asubuhi. Inaenda Lubumbashi."

Mgongo wa Salomon ulipanda na kushuka.

"Hawakunifukuza. Wale wageni wamesema mukono wangu ni muzuri. Wameuliza kama nitafuata mashine, nikafanye kazi kule. Nyumba watanipa. Watoto watakuya nyuma, muhula ukiisha, na weye ukitaka." Alifungua bandeji mpya, akaanza kuizungusha kiunoni mwake. "Nimesema nitajibu Jumatatu. Lakini nimekwisha kufikiri. Nitasema hapana. Huku kuna hospitali nyingine, nitapata hata kazi ya kupima malaria. Nyumba ni nyumba."

Alisema kweli. Njiani kutoka hospitalini alikuwa amelia kidogo kwa ajili ya ile sahani na ile mistari miwili, kisha akafuta uso, akajiambia kwamba mtu aliyekubali kuchanjwa wembe kiuno kizima kwa ajili yako, hata kama ni mjinga, ni wako. Sasa alingoja mumewe aseme kitu. Hakuwa anadai kikubwa. Angesema asante ingetosha. Angesema nenda, yeye angekataa kwa moyo mweupe zaidi.

Salomon alikuwa anawaza. Alionekana anawaza, kwa namna alivyochezea uzi wa mkeka kwa kidole. Jogoo wa jirani alipita uani, akapekua jivu, akaenda.

"Kule Lubumbashi," alisema hatimaye, "njo nani atakuwa anatoa damu?"

Adrienne alimaliza mzunguko wa mwisho wa bandeji. Alikata kwa meno, akafunga fundo, akapitisha kidole chini yake kuhakikisha halikubana sana.

"Sijui bado," alisema. "Nikifika nitakupigia simu, nikuambie."